Samli Yako, Alizeti Yangu

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Wanjala,

Neno hilo "mpendwa" najua ungelicheka. Ungenitazama kwa lile jicho lako la kukagua ng'ombe wa mnada, halafu uulize ni nani aliyeniandikia barua hii, maana mimi Mama Simiyu sikuwahi kukuita mpendwa, mbele ya watu wala nyuma yao. Nilikuita Mama Wanjala, nawe ukaniita Mama Simiyu, na siku tulizokosana tuliitana "yule". Lakini wewe umelala nyuma ya jiko lako tangu kabla ya mahindi kuvunwa, nami niko hapa Matisi na mume wetu, na sina mwingine wa kumweleza jambo hili. Nikiwaambia watoto, watasema nimrudishe kliniki. Nikiwaambia majirani, watasema tufunge na tuombe. Wewe ndiye uliyempikia mtu huyu miaka yote, na wewe ndiye ninayekuhitaji.

Mzee wetu amekonda. Lile koti lake la kijivu la kwenda kanisani sasa linamtosha yeye na mtu mwingine. Si kwamba anakataa chakula. Nikimwekea sahani, ananawa mikono, anashukuru, anakula hadi katikati, anaacha. Kisha anaifunika kwa sahani nyingine, anasema asante, na kugeukia redio. Daktari wa kliniki amesema dawa za presha haziwezi kuingia kwenye tumbo tupu kila siku, na kwamba akizidi kupungua hivi atalazwa. Halafu huyo huyo daktari akarudia wimbo wake wa siku zote: mama, punguza mafuta, hasa ya mnyama. Nikatoka pale na maneno mawili yanayovutana, ale zaidi na apunguze mafuta, na kila ninaposhika mwiko nahisi ninashika maisha ya mtu.

Nilidhani ni mafuta. Ungekuwa mimi ungedhani nini? Katika boma letu neno la chakula halikuwahi kuwa jingine.

Nakumbuka nilivyoingia hapo kwako kwa mara ya kwanza. Nilitoka kwetu Naitiri na mtungi wa mafuta ya alizeti, ambayo baba yangu alikuwa amekamua kutoka shamba letu wenyewe, mazito, ya rangi ya chai ya rangi, na mashudu bado yametulia chini. Mama alinipa mtungi ule niende nao kuanzia jiko. Ulikuja nyumbani kwangu bila kualikwa, ukafungua kifuniko, ukachovya kidole, ukanusa. "Hii ni ya kupika ama ni ya kupaka miguu?" ukaniuliza. Nikakujibu kwamba kwetu tunafanya yote mawili na hakuna aliyekufa. Wenye hekima walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukungoja hiyo ya tatu. Jioni hiyo hiyo ulinionyesha shamba la maharagwe lililokuwa likiningoja.

Wewe ulikuwa mtu wa samli. Ulitoka kwa watu wenye ng'ombe, huko juu mlimani, na hukuona ni kwa nini mtu mwenye maziwa akimbilie mbegu. Nilikuwa nikikutazama kupitia mlangoni mwangu, umekaa kwenye kigoda na kibuyu mapajani, ukikisukasuka huku na huku kama unayembembeleza mtoto mkaidi, hadi siagi ikajikusanya. Uliiweka siku baada ya siku, kisha ukaichemsha kwa moto mdogo wa magunzi ya mahindi. Hukutumia saa wala hukuionja. Uliinamisha sikio juu ya sufuria. Siku moja nilipita nikakuuliza unasikiliza nini, na kwa sababu siku hiyo ulikuwa umeamka vizuri, ulinijibu: "Samli ikiacha kuongea, imeiva." Tangu hapo nami nikawa nasikiliza kutoka upande wangu wa ua, ingawa sikukuambia.

Kila mmoja alikuwa na jiko lake na moto wake, na mzee alikula kwa wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya boma, kama ilivyo katika kila boma lenye wake zaidi ya mmoja kule kwetu. Chakula kikiiva, wewe unampelekea sahani yako, mimi nampelekea yangu, naye lazima aguse zote asije akasikia kelele usiku kucha. Yangu ilikuwa maharagwe au vidagaa vya omena kwa alizeti. Yako ilikuwa mboga chungu za saga au majani ya kunde, zilizolazwa kwenye maziwa, na samli juu ikimeremeta. Kisha sahani zilirudi jikoni zikiwa na nusu, watoto wakakimbilia nusu hizo. Na hapo ndipo vita vilipoanza. Mimi nikiona nusu yangu imerudi, nilijua kabisa ni samli yako imemjaza tumbo. Wewe ukiona nusu yako imerudi, ulitangaza hadi wapita njia wakasikia kwamba alizeti ya watu wa Naitiri imemharibia mzee ulimi. Tuligombana mvua hadi kiangazi kwa sababu ya nusu hizo, na mwenyewe alikaa kwenye kiti chake akisikiliza habari, kana kwamba ni wake wa mtu mwingine.

Kitu tulichokubaliana ni chapati tu. Krismasi ikifika tulikuwa tunakaa jiko moja, lako, kwa sababu lilikuwa kubwa, na hapo samli na alizeti zote zilikaa kando. Chapati ni mafuta mgando, ulisema, yale meupe ya kuganda, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha tabaka. Ukitumia ya maji, chapati inalainika lakini haifunguki. Mandazi nayo tulikaanga kwa mafuta ya kupima kutoka dukani, yale wanayofungulia kwenye mfereji wa mashine, kwa kuwa karai la mandazi linameza mafuta mengi na hakuna mwenye akili anayemwaga samli humo. Wewe ulisukuma, mimi nikageuza. Tulikuwa hatuongei sana, lakini nilikuwa najua unataka mwiko kabla hujanyoosha mkono.

Na nilipomzaa Simiyu, maziwa yakakataa kutoka, uliingia nyumbani kwangu bila hodi. Ulikuwa na bakuli la uji wa wimbi na samli imeelea juu. Nilitaka kukataa, kiburi changu unakijua. Ukasema ninywe, kwamba alizeti haijawahi kunyonyesha mtu. Nilikunywa hadi mwisho huku nimekuvimbia. Mtoto alinyonya usiku huo, nawe hukurudi kuulizia asante.

Siku ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ile ya chupa yenye picha ya moyo. Presha ilikuwa imemshika mzee kwa mara ya kwanza, na daktari akamwambia aache mafuta ya mnyama atumie ya mimea. Mimi nilifurahi, nisikufiche. Nilidhani alizeti yangu imeshinda kesi. Lakini wewe hukuja kwangu kuomba. Ulienda zako dukani, ukanunua chupa ya mafuta meupe kama maji, ghali, yenye moyo mwekundu umechorwa mbele, ukaniita nikusomee. Nikakusomea kwamba hayana kile kitu cha kuziba mishipa. Ukafikiri kidogo, ukasema kama ni hivyo basi hii ni dawa ya moyo, na dawa haikaangiwi vitunguu. Nami niliyesoma nikakubali, kwa sababu picha ilikuwa pale, na nani huchora moyo kwenye kitu kisichotibu moyo? Tukawa tunampa kijiko kila asubuhi. Alikunywa amefumba macho kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, akaendesha tumbo hadi tukamrudisha hospitali. Daktari alipoelewa tulichofanya, ilibidi avue miwani apanguse macho. Tulirudi nyumbani tumenuniana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kulaumu. Tulipofika langoni, wewe ukaanza kucheka. Ulicheka ukashika mti wa lango, nami nikacheka nikakaa chini kwenye nyasi, na mzee akatupita akaenda kulala.

Mbona hukusema unaumwa, Mama Wanjala? Ulisuka kibuyu chako hadi mikono ikakataa, na sisi tukadhani ni uzee. Tulipokupeleka, walisema tumechelewa. Wanjala aliuza ng'ombe kwa ajili ya hospitali, na wale waliobaki wakaenda na matanga. Kwa hiyo boma halina tena maziwa ya kusuka. Jiko lako amelifunga kwa kufuli ili kuku wasiingie. Niliamka asubuhi ya kwanza baada ya wageni kwenda, nikatazama upande wako kuangalia moshi, kama nilivyofanya kila asubuhi tangu niolewe, ili nijue kama umenitangulia. Hapakuwa na moshi. Nilisimama pale mlangoni nikakosa hata sababu ya kuwasha wangu.

Watoto wakakaa, wakaamua mzee aletwe hapa Matisi kwenye nyumba ya Simiyu, awe karibu na kliniki. Nami nikaja naye. Ndipo nusu hizi zikaanza.

Nimejaribu kila kitu kilicho kwenye rafu. Nilianza na ya kupima, kwa sababu ya bei. Mafuta sasa kila ukienda dukani yamesogea juu kidogo, na mwenye duka anakutazama kama ni wewe uliyeyapandisha. Yale hayana harufu, hayana rangi, hayana neno. Mzee akala nusu. Nikampigia ndugu yangu simu, akanitumia alizeti halisi kutoka Naitiri kwa bodaboda, ile nzito ya zamani inayotoa povu ukiipasha moto. Nilipika maharagwe nikayapenda mwenyewe. Nusu. Nikajaribu mgando kidogo kwenye mchuzi, nikijua ni dhambi ya daktari. Nusu. Nikasaga simsim nikachanganya na saga, kama wanavyofanya wenzetu Wateso. Akanusa, akasema imependeza, akala nusu, akafunika. Nilitamani atupe sahani ukutani. Mtu akikutupia sahani unajua la kufanya.

Basi wiki iliyopita nilienda Chwele siku ya soko. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni kwamba ikiwa mtu huyu anamlilia Mama Wanjala kwa ulimi, basi acha apewe samli, na daktari anisamehe, kwa kuwa afadhali ale kilichokatazwa kuliko asile kilichoruhusiwa. Nilipita kwa wenye kuku na wenye mbuzi hadi walipoketi akina mama wa samli. Wa kwanza alinifungulia mkebe. Nilipaka nyuma ya mkono kama ulivyokuwa ukifanya. Ikayeyuka laini kama mshumaa, na haikunukia chochote. Hiyo ilikuwa imechanganywa na mgando. Wa pili hali kadhalika, ila yeye alikuwa na kelele zaidi. Wa tatu alikuwa mama mzee asiyeita wateja. Samli yake ilikuwa na punje ndogo ndogo, na nilipoisugua, harufu ya jiko lako ilipanda hadi nikageuza uso. Akaniuliza, "Mama, nani alikufunza kupima hivo?" Nikamwambia ni mke mwenzangu. Akacheka, akasema yeye na wa kwake hawajasalimiana tangu mwaka juzi. Akauliza wangu yuko wapi. Nilishika mkebe wangu nikamwambia yuko nyumbani, na si uongo.

Siku iliyofuata nikalaza saga kwenye maziwa kama ulivyokuwa ukilaza. Nilipasha samli na kuinamisha sikio, ingawa ilikuwa imeshaiva na haikuwa na la kuniambia. Harufu ilipofika sebuleni, mzee alipunguza redio. Nilimwona kupitia pazia, ameketi wima. Nilimwekea sahani, nikasimama kando ya mlango kama bibi harusi. Alikula polepole, amefumba macho. Akafika katikati. Akaacha, akachukua sahani ya kufunikia, akafunika, akasema asante.

Hapo uvumilivu ulinishinda. Niliketi mbele yake, kitu ambacho unajua sikuwahi kufanya mzee akiwa mezani.

"Mzee, niambie ukweli," nikasema. "Nitumie mafuta gani ndio umalize?"

"Mafuta haina shida."

"Sasa ni nini? Unataka kutuacha na wewe?"

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto jambo dogo: "Mama Simiyu, tangu nikuoe umewahi ona nikimaliza sahani ya mtu? Nikimaliza yako, yake nitaweka wapi?"

Miaka yote ile, Mama Wanjala. Wewe ukitukana alizeti, mimi nikiilaani samli, mitungi ikihamishwa, watoto wakitumwa kuchungulia wa upande wa pili amepika nini. Na mtu alikuwa tu anagawa tumbo lake katikati, kwa haki, ili asimuaibishe yeyote kati yetu. Hakuwa akipima mafuta. Na sasa umeondoka, na bado anakuwekea nafasi yako. Si kwamba amechanganyikiwa. Yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, anajua uliko. Ni kwamba tumbo lake limezoea kukungoja, na kulijaza kwa chakula cha mwingine ni kama kukuzika mara ya pili. Niliumia kwa ajili yake. Nikaumia kwa ajili yangu pia, nitakuwa muongo nikikuficha, kwa sababu nilielewa siku hiyo kwamba nitakuwa nusu ya mke hadi mwisho wangu, iwe uko hai au umekufa.

Jana nikawasha majiko mawili. Kwenye la gesi nikapika maharagwe kwa alizeti. Kwenye la makaa nikapika saga zako, samli kijiko kimoja kidogo, kwa maana sijamsahau daktari kabisa. Nikapakua sahani mbili, ndogo ndogo. Ya kwanza nikaiweka kama kawaida. Nikarudi jikoni, nikabadilisha leso, nikapanguza mikono, nikaja na ya pili nikaiweka upande wa kushoto, upande ambao yako ilikuwa ikikaa. Mzee alitazama sahani hizo mbili, akanitazama mimi, akanawa mikono. Akala yangu hadi katikati. Akavuta yako, akala hadi katikati, akaenda kidogo mbele ya katikati. Nikaona chakula cha mtu mzima kimeingia tumboni kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Alipomaliza alifunika zote mbili. Kisha akaigusa ile ya kushoto kwa kidole. "Leo mwenzako amekushinda," akasema.

Nilibeba sahani nikaenda jikoni, na nikakuonea wivu, Mama Wanjala. Nilisimama kando ya karai nikakuonea wivu wa kweli, ule wa zamani unaochoma kifua, kwa saga nilizochambua mwenyewe, nikazilaza mwenyewe, nikazipika na kuzipakua kwa mkono wangu huu. Kisha nikaketi kwenye kigoda nikala nusu zote mbili, kwa sababu watoto hawapo wa kuzikimbilia, na nikalia nikiwa bado natafuna. Sikuwa nimekulilia vizuri kule matangani. Kulikuwa na wageni wa kulishwa.

Sijui nitaweza hadi lini. Mkebe wa yule mama wa Chwele utaisha, na miguu yangu hii haitaki tena safari ndefu. Lakini nimeona njia, na sitaiacha. Pumzika huko uliko, usihangaike na mtu wako, nitamlisha kwa mkono wangu na kwa wako. Kesho sahani yako ni ya kunde. Nitaipika vizuri kuliko yangu.

Ni mimi, mke mwenzako mdogo,

Mama Simiyu